Ametembelewa: Ndiyo

Saa kumi kasoro dakika tano alasiri, Futi alinawa mikono kwenye sinki la mlangoni mwa wodi ya mifupa, akavaa kizibao cha kijani cha wanaojitolea, akachukua ubao wenye fomu na mshipi mpana wa kumshikia mgonjwa. Mgongoni mwa kizibao paliandikwa TUTEMBEE PAMOJA. Herufi ya mwisho ilikuwa imebanduka kwa kufuliwa mara nyingi, lakini watu waliimalizia wenyewe.

Kazi yake ilikuwa moja. Mgonjwa akilala siku nyingi miguu husahau, ndivyo walivyoelezwa katika mafunzo ya siku mbili kwenye ukumbi wa kulia chakula. Wauguzi walikuwa wachache na vitanda vingi, kwa hiyo hospitali ikatafuta watu wenye nafasi waje kuwatembeza wagonjwa. Futi alikuwa na nafasi. Mkewe alifariki miaka sita iliyopita, akamwachia vyumba viwili na viti viwili, kimoja hakikaliwi. Enzi za kazi alishika mnyororo wa wapima ardhi, na jina la Futi lilitoka huko. Alishastaafu, lakini bado hakuweza kuvuka chumba bila kukipima kwa macho.

Kitanda chake kilikuwa cha kumi na nne. Hapo alilala mwanamke ambaye wodi nzima ilimwita Mama Pasi, kwa kuwa alipiga pasi miaka arobaini katika duka la dobi, akiwa amesimama, na hata sasa hakuweza kuongea na mtu bila kunyoosha shuka kwa kiganja. Alianguka kutoka kwenye kigoda akitundua mapazia, nyonga ikavunjika, akafanyiwa upasuaji, akapona. Daktari alikwisha kusema kwamba amepona. Kilichobaki ni ndugu mmoja wa damu afike ofisini, atie sahihi, amchukue nyumbani.

Futi alimkalisha ukingoni mwa kitanda, akangoja dakika nzima ili kizunguzungu kipite, akamvalisha ndara zenye kamba ya nyuma. Akamfunga mshipi kiunoni, akamsogezea fremu ya kutembelea, yenye miguu minne na mpira mviringo chini ya kila mguu, kisha akasimama upande wa kushoto, upande mbovu.

"Tunakwenda mpaka wapi leo?" Mama Pasi aliuliza, kama alivyouliza jana.

"Mpaka dirishani na kurudi, Mama."

Dirisha lilikuwa mwisho wa korido. Hatua sitini na mbili kwenda, sitini na mbili kurudi. Unyayo wa kushoto wa Mama Pasi ulitazama nje, kana kwamba ulitaka kumsalimu mtu pembeni. Saa hiyohiyo ilikuwa saa ya kutazama wagonjwa, kumi mpaka kumi na moja, kwa hiyo korido ilijaa shemeji, mashangazi na chupa za chai, na wawili hao walipita katikati yao polepole kama gari la maji. Kila kitanda kilikuwa na kiti cha mgeni. Kiti cha kitanda cha kumi na nne kiliazimwa kila siku na wageni wa cha kumi na tano, na kila siku kilirudishwa kwa shukrani.

Baadaye Futi alijaza fomu. Ilikuwa na safu nne: Tarehe, Kitanda, Hatua, na Ametembelewa. Safu ya mwisho ilikusudiwa kuwa Ametembezwa. Aliyeichapa alikuwa na haraka, au siku ile alikuwa akimfikiria mtu. Chini yake palikuwa na visanduku viwili, ndiyo na hapana. Futi aliandika hatua 124, akaweka alama kwenye ndiyo, kama wenzake wote. Jioni sista wa zamu alinakili fomu kwenye daftari kubwa: kitanda cha kumi na nne, ametembelewa.

Mama Pasi alikuwa na watoto wawili. Binti aliuza rangi za nyumba na alikaa karibu, umbali ambao mtu mwenye miguu mizima angeutembea na chai aliyoiacha mezani akaikuta bado ya moto. Kaka yake alikaa upande wa pili wa mji na kuendesha gari la kuzoa taka. Hawakusemeshana tangu siku ya kugawana vitu vya marehemu baba yao, kwa sababu ya kabati la nguo. Kabati lenyewe liliingia mchwa likatupwa, ugomvi ukabaki. Siku ya upasuaji wote walikuja, kila mmoja kwa saa yake. Baada ya hapo walipiga simu wodini kila jioni, kila mmoja kwa simu yake, wakauliza kama mama yao ametembelewa leo. Sista alifungua daftari na kusema ndiyo, ametembelewa. Daftari halikuwa na safu ya nani. Binti aliamini ni kaka, kaka akaamini ni dada, na kila mmoja akaona afadhali asiende, wasije wakakutana hapo kitandani wakaaibishana mbele ya mgonjwa.

Siku ya kwanza Futi aliona nyayo alipokuwa akitoka getini. Zilianzia chini ya kizuizi cha magari na kufuata ukingo wa barabara kwa upande wa kulia, mbichi, kama za mtu aliyetoka kuoga. Wa kushoto ulitazama nje. Pembeni ya kila jozi palikuwa na alama nne za mviringo, ukubwa wa vifungo vya koti. Futi alizihesabu. Zilikuwa mia na ishirini na nne. Alitazama kama kando yake kuna nyayo za mtu mwingine, mwenye viatu vya ngozi kama vyake, aliyetembea upande wa kushoto. Hazikuwepo.

Mlinzi wa geti alimwambia azizungukie, asizikanyage, maana ni za mgonjwa.

Kesho yake ziliongezeka nyingine mia na ishirini na nne, zikafika kwenye duka la betri. Jua halikuzikausha. Mfagiaji wa barabara alifagia pembeni yake na kulalamika kwamba zinamharibia mstari. Jumapili, siku ambayo wanaojitolea hawaji, hazikusogea. Futi alipima kwa macho, kisha kwa miguu yake. Hatua moja ya Mama Pasi ilikuwa futi moja na inchi mbili, na nyayo zilikuwa zikielekea nyumbani kwa binti. Siku thelathini za kazi, akipiga hesabu.

"Nimefika wapi?" Mama Pasi aliuliza Jumatatu, wakiwa wamefika dirishani.

"Umepita duka la betri. Uko karibu na fundi matairi."

"Mbele ya fundi matairi pana mtaro. Hapo nitataka mkono."

Alikuwa anaujua mtaa. Walipofika kwenye mtaro, yaani siku Mama Pasi alipokwama katikati ya korido na kusema mguu umekataa, nyayo za siku ile zote zilirundikana mahali pamoja, moja juu ya nyingine, kama za mtu anayengoja basi. Fundi matairi alitandika ubao juu ya mtaro. Kesho yake Mama Pasi alinyanyua mguu wa kushoto juu kuliko kawaida, mbele ya kitanda cha sita ambapo sakafu ni sawa kabisa, akavuka.

Wiki hiyo Futi alifungua droo ya kitanda cha kumi na nne kutafuta kitana, akakuta barua mbili za ofisi zimekunjwa. Zote zilisema hivi: Kwa ndugu anayemtembelea mgonjwa huyu, tafadhali fika ofisini kuhusu ruhusa yake. Mama Pasi alisema aliambiwa asizifungue, kwa kuwa ni za mgeni.

Futi akashuka ofisini. Karani alikuwa mwanamke mchangamfu mwenye kalamu kwenye nywele, akamkaribisha vizuri.

"Wewe ni ndugu yake, mzee wangu?"

Futi akasema hapana, yeye ni wa kumtembeza.

"Basi barua si yako. Ni ya huyo anayemtembelea. Anakuja kila siku, ona." Akageuza daftari. Ndiyo zilipangana chini kama shanga. "Tatizo ni mkaidi, hataki kupita hapa. Na mambo ya ruhusa hatuyasemi kwenye simu."

Futi akamweleza kwamba hakuna mgeni. Neno lililotakiwa ni ametembezwa, na ndiyo zote hizo ni yeye mwenyewe, mshipi na fremu. Karani akaisoma fomu kwa mara ya kwanza, akacheka bila ubaya.

"Tembea, tembelea, tembeza. Si mguu ni uleule? Na hicho chuma, si anakitembelea?" Kisha akaonyesha kwa kidevu maboksi yaliyopangwa nyuma ya mlango. Fomu zilichapwa za kutosha, akasema, na mpya haziji mpaka hizi ziishe. Akamshauri kama roho inamsuta aandike ukweli tu. Kisanduku cha hapana kipo.

Alasiri ile Mama Pasi alitembea hatua zake zote, mpaka dirishani na kurudi, bila kukwama. Futi akafikiri juu ya kiti cha mgeni kilichokuwa kwenye kitanda cha kumi na tano, akaweka alama kwenye hapana.

Nyayo hazikusogea. Zilikuwa palepale ukingoni mwa uzio wa shule, mbichi, zimetazama mbele. Kesho yake Mama Pasi alimpokea kwa macho mazito.

"Jana miguu ilichoka," alisema, "lakini sikufika popote."

Mtaalamu wa viungo naye alipita kitandani na kumwita Futi pembeni. Aliona hapana kwenye daftari. Zikifika tatu mfululizo, mgonjwa anaondolewa kwenye orodha ya kutembezwa, na nafasi anapewa mwenye juhudi. Alisema anasikitika, maana anaona mama wa watu anajikaza.

Futi akarudia ndiyo. Jioni sista alinakili, simu mbili zikaja, zikajibiwa, na nyayo zikapita uzio wa shule.

Siku ya thelathini, ukitoa zile mbili zilizokwama, zilipanda vidaraja viwili vya baraza la nyumba yenye mlango wa buluu, zikasimama mbele ya zulia dogo. Wanaojitolea hawaruhusiwi kwenda kwa ndugu za wagonjwa, kwa hiyo Futi alivua kizibao, akakikunja mfukoni kikajaza mfuko, kisha akabisha.

Binti alikuwa na rangi nyeupe kwenye kucha. Alimkaribisha, akamletea maji, akawaambia watoto wamwamkie. Watoto wawili walimwamkia wakiwa wamesimama upande, wasikanyage nyayo. Karibu na zulia palikuwa na kiti cha mbao chenye mto uliofumwa, kimegeuzwa kutazama barabara.

"Mama ameingia leo saa kumi na robo," binti alisema. "Tulikuwa tunamwona anavyokuja. Juzi alikuwa kwenye kona pale. Nikawaambia watoto, bibi yenu huyo, msifanye fujo."

Futi akasema mama yake amepona, barua ziko kwenye droo, ofisi inamngoja ndugu mmoja atie sahihi. Ni kazi isiyofika nusu saa.

"Anayeshughulika na huko ni kaka yangu, baba. Anakwenda kila siku. Mimi nauliza kila jioni."

"Hakuna anayekwenda, mwanangu. Kiti chake kinaazimwa."

Binti alitazama kucha zake. Alikuwa mtu mwema, ilionekana hata kwenye namna alivyoegesha kiti kile, mbali na matone ya paa. "Imeandikwa ametembelewa," alisema.

"Ni mimi. Ninamtembeza."

"Kila siku?"

"Isipokuwa Jumapili."

"Basi ametembelewa, baba. Mungu akubariki."

Futi akashika bilauri kwa mikono miwili, akauliza kama kesho atakwenda. Binti alifikiri kwa dhati, akihesabu kwa vidole. Saa ya kutazama wagonjwa ni kumi mpaka kumi na moja, na hiyo ndiyo saa mama yake anayoingia. Angekwenda, akasema. Anatamani kwenda. Lakini mzee wa watu ametembea mwezi mzima na nyonga ile, aje akute mlango umefungwa?

"Nikienda mimi huku yeye anakuja," alisema, "tutapishana."

Kesho yake, dirishani, Mama Pasi hakuuliza amefika wapi. Aliuliza kama amefunguliwa.

"Amekuwekea kiti, Mama. Chenye mto."

"Mto wa buluu?"

"Wa kufuma. Una maua."

"Nilimfumia alipokwenda shule ya bweni. Alikuwa analia usiku." Alinyoosha ukingo wa pazia kwa kiganja, mikunjo ikatoka. "Basi niingie ndani."

Wiki nzima hatua mia na ishirini na nne zilikuwa ndani ya nyumba ya binti. Jumatatu zilikwenda jikoni. Jumanne zilizunguka kitanda cha watoto mara tisa. Jumatano zilisimama mbele ya meza ya pasi, ambapo mashati ya wiki yalikuwa yamelundikana, zikabaki hapo hapo, kulia kushoto, kulia kushoto, na mashati yakawa bado yamelundikana. Binti alipiga simu wodini kusema mama yake anaendelea vizuri mno. Sista akamjibu kwamba kweli, na ametembelewa.

Jumamosi Mama Pasi alisimama dirishani kwa muda mrefu. Nje hakukuonekana kitu ila tangi la maji na ukuta. Nyuma yao wageni walikuwa wakianza kuaga, wakikusanya chupa zao na kuahidi kesho.

"Nimewaona," alisema. "Hawajambo."

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe, Bwana Futi, unakaa wapi?"

Hakuna mtu aliyemuuliza hilo tangu aliposajiliwa. Akaeleza: kutoka kwa binti unashuka mpaka kwenye kiwanda cha magodoro, unakata kushoto, nyumba ya tatu yenye tangi bovu.

"Siku ngapi?"

Futi hakuhitaji kalamu. "Kumi na tisa."

"Mitaro?"

"Hamna. Kilima kidogo tu, cha kupumulia mara moja."

"Una nani huko?"

"Nina viti viwili."

Mama Pasi akashika fremu, akaigeuza, ile shughuli ya kugeuka inayochukua hatua nne. "Mimi sipendi kiti kinachocheza," alisema.

Jumatatu nyayo zilitoka kwenye mlango wa buluu, zikashuka vidaraja viwili, zikakata njia ya kiwandani. Binti aliacha kiti barazani siku tatu, mvua ilipotishia akakiingiza. Alipiga simu wodini, akajibiwa kwamba mama yake ametembelewa, akashukuru, akajua kaka yake yupo. Kaka naye alipiga, akajua dada yake yupo. Karani alipanda na barua ya tatu, akaiweka droo ileile, akamwambia Mama Pasi kwa upole amhimize mgeni wake. Mama Pasi akaahidi kumhimiza.

Futi alitumia siku hizo kugongea misumari kwenye kiti cha pili. Alikijaribu kwa kiganja, kisha kwa kukikalia, kikatulia. Akakiosha na kukianika, kisha akakiwekea mto. Jirani yake aliyekuwa akikosha vyombo nje alimuuliza kwa utani kama ameposa. Futi akasema anatazamia mgeni, yuko kwenye magodoro, atafika Jumatatu ya juu.

Jumatatu ile Mama Pasi alitembea vizuri kuliko siku zote. Kule kwenye kitanda cha tisa alipumzika mara moja, kama mtu aliyemaliza kilima. Aliporudishwa kitandani alinyoosha shuka, akalala chali, uso ukaangalia kiti cha mgeni, ambacho kilikuwa kwenye kitanda cha kumi na tano. Alimwambia Futi awahi, asimweke mtu mlangoni.

Futi aliwahi, hata akasahau kuirudisha fomu. Alifika nyumbani jua bado liko kwenye mabati. Nyayo zilikuwa zimepita kando ya tangi bovu, zimevuka kizingiti, zimekwenda moja kwa moja mpaka kwenye kiti cha pili, na hapo zimegeuka hatua nne, kama mtu anayejipanga kukaa. Alama nne za fremu zilisimama mbele ya kiti. Mto ulikuwa umebonyea.

Alichemsha chai, akamimina vikombe viwili, kimoja akakiweka mahali ambapo mkono ungekifikia bila kuinama, kwa sababu ya nyonga. Wakanywa. Kikombe kimoja kilipoa. Hakukuwa na mengi ya kusema, na kile kidogo Futi alikisema: paa, jirani, mkewe jinsi alivyokuwa akipiga pasi mashati yake kuanzia kola. Alipomaliza hilo la kola alingoja kidogo, maana alijua mgeni angekuwa na maoni.

Kisha akaikumbuka fomu. Akaitoa mfukoni, akainyoosha gotini kwa kiganja. Tarehe ilikuwa imejazwa, kitanda kimejazwa, hatua 124. Safu ya mwisho ilikuwa tupu. Alilisoma lile neno, herufi kwa herufi, akaona kwamba halisemi nani.

Akaweka alama kwenye ndiyo, akabaki amekaa kwenye kiti cha kwanza mpaka giza lilipoingia, kwa kuwa cha pili kilikuwa na mtu.